Dumu la Maji ya Mlimani

Usiombe tumbo la mtoto likuharibikie ugenini. Nyumbani unaijua njia ya zahanati na nesi unamjua kwa jina. Ugenini hata choo unaonyeshwa.

Hilda wa Kilema, Kilimanjaro, alikuwa na safari ya Voi, ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya. Mdogo wake Anaeli, aliyeolewa huko, alikuwa amejifungua, na mama yao alishatangulia mbele za haki. Sasa nani mwingine angekwenda? Uchaggani mzazi haachwi peke yake. Lazima apikiwe mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, na mtoto aogeshwe na mikono inayojua. Basi Hilda akafunga ndizi zake kwenye kiroba, akambeba mgongoni bintiye Violet, mwenye mwaka na miezi saba, akatoka.

Mama mkwe wake, Bibi Theopista, alikuwa amesimama kwenye kihamba, shamba la migomba la nyumbani, miguuni ana dumu la lita kumi.

"Hili usiliache."

"Mama, mzigo umeshakuwa mzito. Huko si kuna maji?"

"Maji gani? Ya chumvi! Maji ya nchi ya watu hayalijui tumbo la mjukuu wangu. Haya ndiyo yamemlea baba yake. Mtoto asionje mengine, umenisikia?"

Maji yenyewe yalitoka kwenye mfongo, ule mfereji wa wazee unaoteremka kutoka msituni na kukatiza mashamba ya watu. Hilda hakubisha. Kwanza, mama mkwe habishiwi mtu anaposafiri. Pili, kusema kweli, yeye mwenyewe aliamini. Alikwisha sikia watu wakirudi kutoka safari wameshikilia matumbo, na wote husema ni maji ya huko.

Walipofika Himo, kabla ya mpaka, jua lilikuwa kali. Violet akalia kiu, Hilda akamimina kikombe, mtoto akanywa mpaka akashusha pumzi. Pale mpakani ofisa mmoja akalitazama lile dumu.

"Mama, pombe hiyo?"

"Maji, baba."

"Maji! Kwani Kenya tumewaambia yamekwisha?"

Foleni nzima ikacheka. Hilda naye akacheka kidogo, mkono unamuuma.

Voi, Anaeli alimpokea dada yake kwa machozi ya furaha. Akamwonyesha mtungi uliofunikwa sahani. "Maji ya kunywa haya hapa, dada. Tunayachemsha kila asubuhi. Yana chumvi kidogo lakini utazoea."

Hilda akaonja, akakunja uso. "Mimi nitakunywa. Violet ana yake."

Siku ya tatu, asubuhi, Violet akaanza kuhara. Kufika adhuhuri Hilda alikuwa amefua nguo mara sita, na mtoto ameanza kutapika. Ule mtori wa mzazi ukaungulia jikoni. Anaeli akaja ameshika kichanga chake, akauliza kumetokea nini, na Hilda, kwa uchovu, akamjibu vibaya.

"Ni maji yenu! Tulipomwogesha jana yalimwingia mdomoni, nilimwona."

"Dada, hayo hayo sisi tunaishi nayo."

"Nyie mmezoea."

Anaeli akageuka na mtoto wake. Hilda akapiga simu Kilema.

"Si nilisema!" Bibi Theopista akapaza sauti. "Sasa mpe yetu kwa wingi, yamsafishe tumbo."

Hilda akampa. Jirani mmoja, mtu wa huruma, alileta vidonge vya kufunga tumbo na pakiti mbili za ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini. Hilda alikuwa hakusoma sana, darasa la saba tu, lakini hilo alilijua toka kliniki: pakiti moja kwa lita moja, usipunguze wala usizidishe. Akachukua chupa ya lita moja, akaiosha vizuri, akaijaza sawasawa, akamimina pakiti, akatikisa. Kila kitu alikifanya kama alivyofundishwa. Ila maji aliyotia kwenye chupa ni yale ya dumu.

Ukijichimbia shimo mwenyewe huoni kina chake.

Kesho yake asubuhi Violet alikuwa amelegea kama jani la mgomba lililopitishwa kwenye moto. Macho yameingia ndani. Alilia, na machozi hayakutoka. Hilda akashika nguo ya ndani ya mtoto, atafute mkojo: kavu. Akashika tena, kama vile labda amekosea. Kavu. Akamfunga mgongoni bila hata kuvaa viatu vinavyofanana, akakimbilia zahanati aliyoelekezwa na Anaeli.

Nesi alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyekwisha sema maneno yale yale miaka mingi. Akaibana ngozi ya tumbo la Violet kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ikarudi taratibu, kama haitaki.

"Amekojoa lini?"

Hilda akafikiri. "Jana. Jana jioni... sijui, sista."

"Kuna damu kwenye choo?"

"Hapana."

"Umempa dawa ya kufunga tumbo?"

"Ipo, jirani aliniletea, sijampa."

"Usimpe kabisa. Mtoto mdogo hafungwi tumbo. Sikiliza, mama. Tutamnywesha hapa hapa kwa kijiko. Masaa manne. Nataka nione mkojo. Akizidi kulegea, au asipobakiza kitu tumboni, tutamwekea dripu. Ulikuwa unampa nini?"

Hilda akaitoa ile chupa kwa fahari kidogo. "ORS, sista. Na nimetumia maji safi, ya nyumbani kwetu."

"Umeyachemsha?"

"Ni ya mlimani, sista. Yanatoka Kilimanjaro."

Nesi akamtazama. "Kwani huko mlimani hakuna mbuzi?"

Hilda akaukumbuka ule mfongo. Mbuzi wapo. Kuna zizi la ng'ombe la jirani yao, mzee Melkior, mfongo unapita chini yake, na mvua ikinyesha samadi yote inashuka. Yeye mwenyewe alikwisha fua nepi za Violet pale, na watu wa nyumba za chini wakachota.

"Lakini tumeyanywa miaka yote," akasema, sauti imeshuka.

"Wewe, ndiyo. Na huyu? Nyumbani alikuwa anakunywa nini?"

"Uji. Chai ya maziwa. Mtori mwepesi."

"Vyote vimechemka jikoni," nesi akasema, akaimwaga chupa kwenye sinki. "Maji mabichi, yasiyochemshwa, ameanza kuyanywa lini?"

Himo. Kile kikombe cha Himo, juani. Alikaa kwenye benchi akaangalia mikono yake iliyoota malengelenge ya kubeba lile dumu.

Nesi akachanganya ORS nyingine kwa maji yaliyochemka yakapoa, akampa Hilda kikombe na kijiko. Kijiko kimoja, subiri kidogo, kijiko kingine. Violet akatapika. "Subiri dakika kumi, halafu anza tena polepole zaidi," nesi akasema, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Hilda akasubiri, akaanza tena. Mkono ulikufa ganzi, akabadilisha. Shingo ikamwangukia kifuani, akajizindua. Hakusali sala yoyote ndefu, nguvu hazikuwepo. Kijiko. Subiri. Kijiko.

Saa ya tatu ya kunywesha ilipokuwa inakwisha akahisi joto pajani. Akadhani amemwaga kikombe. Akainua khanga, akanusa, akaita kwa sauti iliyofanya benchi zima ligeuke: "Sista! Amekojoa! Amenikojolea!"

"Hongera, mama," nesi akasema, hata hakusimama. "Endelea."

Wakaruhusiwa jioni na vidonge vya zinki, kimoja kila siku kwa siku kumi, hata kama kuhara kumekoma. Na ORS iliyobaki imwagwe ikimaliza siku nzima. Anaeli aliwafungulia mlango, akamchukua Violet. Hilda akamwambia, "Nisamehe, mdogo wangu." Kisha simu ikalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto?"

"Anaendelea vizuri."

"Nilijua. Yale maji yetu! Kesho kuna gari la ndizi linapita Taveta kuja huko, nawatumia dumu lingine. Na kichanga cha Anaeli nacho kionje."

Hilda akafumba macho. Ingekuwa rahisi kusema ahsante.

"Usitume, mama. Ni yale maji yaliyomwangusha Violet. Hayakuchemshwa."

Kuku walisikika Kilema.

"Mimi nina miaka sabini na mbili nayanywa."

"Najua, mama."

"Unataka niwaambie watu nimemnywesha mjukuu wangu ugonjwa?"

"Hapana, mama. Waambie tu wachemshe."

Simu ikakatwa. Hilda akaiweka chini, akaomba kikombe na kijiko, maana Violet alikuwa ameshafungua mdomo.