Meza Isiyo na Pazia

Tinka aliingia dukani akiwa bado na aproni, mikono ina unga hadi viwikoni, na kitabu amekibana kwapani kama samaki aliyeoza.

"Zdravka! Toka huko ulikojichimbia, shoga yangu. Toka uone unachowauzia watoto."

Zdravka alikuwa juu ya kigoda, akitundika maua ya karatasi dirishani. Kesho yake ilikuwa Sikukuu ya Herufi, siku ambayo watoto wote wa shule za mji wa Ruse huandamana na mashada ya maua, wazazi wakiwafuata nyuma na machozi yao, na duka la vitabu ambalo halijapambwa siku hiyo ni afadhali lifungwe. Akashuka taratibu, maana magoti yake yaliacha kumtii zamani. Kitabu alikitambua kabla hajafika chini. Jalada la waridi, mwanamke wa katuni ameshika keki, mwanamume wa katuni ameshika mbwa. Ndani hamkuwa na keki wala mbwa. Zdravka alikisoma nusu akakiacha. Si kwa aibu, kwa kuchoka.

"Nani kakinunua?"

"Unaniuliza mimi? Bilyana! Jumamosi, hapa hapa, kwenye hiyo meza yako iliyolaaniwa, katikati ya hadithi za sungura na kamusi za picha, na wewe ukapokea pesa bila kutazama. Mimi nimeona jalada nikamshukuru Mungu, nikasema afadhali mtoto anasoma, kaachana na simu. Leo nangoja banitsa yangu ya jibini iive jikoni, nikakifungua nipitishe muda. Zdravka! Banitsa imeungua!"

"Yote?"

"Usinichekeshe! Sikuja kucheka mimi."

Lakini Zdravka hakuwa anachekesha. Alikuwa anatafuta pa kuzuia moyo wake. Bilyana alikuwa mjukuu wa Tinka, miaka kumi na miwili, mama yake yuko Uhispania anatunza wazee wa watu, baba yake hajulikani aliko na hakuna anayemtafuta. Tangu alipojua kusoma, mtoto yule alitoka shule moja kwa moja hadi dukani, akakaa kwenye kiti cha dirishani na kusoma mpaka bibi yake apige kelele kutoka ghorofa ya pili kwamba chakula kinapoa. Zdravka hakuwa na mume wala mtoto. Mchana wake wote aliupanga kwa ajili ya saa zile za jioni, ingawa angeulizwa angekana.

"Sasa nisikilize," Tinka akasema. "Takataka za namna hii uziondoe mbele ya watoto. Ziweke nyuma, ziweke juu, zivike gazeti, shauri yako. Usipoziondoa, Bilyana hakanyagi hapa tena. Nimemwambia, na wewe nakwambia."

Zdravka aliitazama meza. Ilikuwa ndefu, ya mbao nzito, imesimama mbele ya mlango hivi kwamba hakuna aliyeweza kuingia bila kuigusa.

Enzi za Chama, kilipoamua watu wasome nini, baba yake, mzee Stamen, aliuza vitabu katika chumba hiki hiki, duka likiwa la serikali. Kwenye rafu vilipangwa vile ambavyo hakuna aliyevitaka, hotuba za wakubwa na taarifa za mavuno ya ngano. Vizuri vilikaa chini ya kaunta. Mteja wa kuaminika aliingia, akauliza hali, akakohoa kidogo, na Stamen akainama kama anayefunga kamba ya kiatu, akainuka na kitu kilichovikwa gazeti la Chama lenyewe. Aliyekivika alikuwa Zdravka. Akiwa na miaka minane alijua kukunja pembe za gazeti hata kitabu kikaonekana cha hesabu. Baba yake alikuwa na mluzi wake wa kumwashiria kwamba aliyeingia si mtu wa kuaminika, na hapo Zdravka alikalia vitabu kwenye stoo, sketi imevifunika, huku jiko la makaa ya mawe likinguruma pembeni. Hofu ilikuwepo, haikosi. Yeye hakumbuki hofu, anakumbuka joto. Mungu amsamehe, hajapata kuwa na furaha mahali popote kama alivyokuwa nayo katika stoo ile.

Kisha Chama kikaanguka. Stamen akaikokota meza ya stoo hadi mlangoni, akamwaga juu yake kila kilichokuwa chini ya kaunta, pamoja na kila kilichochapishwa katika majira yale ya wazimu: mashairi ya waliofungwa, tafsiri za ndoto, mapishi, hadithi za watoto, na vile vya mahaba vyenye majalada ya kumfanya padri ajipige ishara ya msalaba. Vyote pamoja, bila kutenganisha. Halafu akachukua shoka akaivunja kaunta, majirani wakipiga makofi barabarani.

"Hapa hakifichwi kitu tena," alisema, na Zdravka akamwona baba yake akilia kwa mara ya kwanza.

Huo ndio urithi aliomwachia. Nyumba ilikuwa ya kupanga na saa yake ya mkononi ilikuwa mbovu, lakini meza aliikabidhi kwa mikono miwili.

"Siwezi, Tinka," akasema. "Unanitaka nijenge upya kaunta ambayo baba aliivunja."

"Meza ni mbao. Bilyana ni mtu."

"Na sisi je? Umesahau ghala?"

Kona ya mdomo ikamcheza Tinka, akaibana. Nani angesahau ghala? Walikuwa na miaka kumi na mitatu walipokikuta kile kitabu kule stoo, nyuma ya ndoo ya makaa. Wala hakikuwa kitabu, ni karatasi tu zilizopigwa taipu kwa kaboni, nakala ya tano au ya sita, herufi zimefifia kama zimeandikwa kwa maziwa. Vya namna hiyo vilizunguka mji mzima kwa siri. Hadithi ilikuwa ya mjane mwenye kinu cha kusagia unga na askari wa farasi, wanatupiana macho kurasa arobaini, mpaka jioni moja mvua inawakuta wote wawili na wanakimbilia ghalani. Hapo karatasi zikaisha. Hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa nakala za kaboni zilipungukiwa kurasa kila siku. Mtu ulisoma ulichopewa ukashukuru. Basi kiangazi kizima mabinti wale wakalala kwenye nyasi kando ya mto Danubi wakibuni yaliyotokea ghalani. Tinka aliapa kwamba walihesabu magunia. Zdravka alisema askari aligundulika kuwa binamu wa mjane. Walicheka mpaka mbavu zikawauma, na siku za mtihani ilitosha mmoja kunong'ona "magunia" mwingine atolewe nje ya darasa.

"Tulisoma, na hatukufa," Zdravka akasema. "Mtoto akililia wembe, mpe."

"Mpe, lakini aliyesema hivyo alikuwa amekaa karibu na mtoto, ana kitambaa mkononi." Tinka akavuta kiti cha dirishani akakikalia, unga ukadondoka. "Sisi tulikuwa wawili, Zdravka. Tulicheka. Huyu anakisoma peke yake kitandani, mlango kaufunga, na siku nne sasa hanitazami usoni. Halafu kuna jambo hulijui."

"Lipi tena?"

"Zile kurasa hazikupotea. Baba yako ndiye alizitoa."

Zdravka alicheka kidogo, akangoja Tinka naye acheke.

"Alituona, mwenzangu. Alijua siku ya kwanza, masizi yalikuwa yametuenea mpaka puani. Angeweza kutuchapa, angeweza kukichoma. Akakichomoa kipande cha ghalani, mengine akayarudisha nyuma ya ndoo, tuyakute."

"Nani kakwambia uongo huu?"

"Yeye mwenyewe. Siku ya harusi yangu alinivuta jikoni, watu wanacheza nje, akanipa kifurushi kidogo kimevikwa gazeti. Alikuwa mwekundu kama pilipili, maskini. Akaniambia, 'Tinka, mwanangu, hii ni ile sehemu iliyobaki. Mimi ni baba, siwezi kumpa binti yangu kitu kama hiki. Siku Zdravka akiolewa, msomee wewe.'"

Nje, watoto wa bendi ya shule walikuwa wanajaribu ngoma zao.

"Na sikuolewa," Zdravka akasema.

"Hukuolewa. Ningekuletea lini? Ningeanzaje? Kila mwaka nilisema labda mwaka huu. Halafu ukaja ule msimu wa baridi wa njaa, mkate wa foleni, hatuna kuni, nikawashia jiko."

"Umewashia jiko ghala langu!"

"Nimewashia! Mtoto alikuwa anatetemeka!"

Hapo Zdravka akacheka kweli, na kicheko kikageuka kilio katikati ya njia, kikageuka tena, asijue mwenyewe kipi ni kipi. Tinka akampangusa uso kwa aproni akamwachia unga shavuni.

"Iliishaje?" Zdravka akauliza hatimaye.

"Upuuzi mtupu. Magunia yalikuwa na mambo kuliko yale. Tulitunga vizuri zaidi sisi."

Tinka alipoondoka hakurudia tishio lake, wala hakulifuta. Kitabu alikiacha mezani. Zdravka alikaa nacho kwa muda mrefu, akamkasirikia baba yake, akataka awepo amgombeze. Mtu aliyevunja kaunta kwa shoka mbele ya majirani! Na mtu huyo huyo, miaka mingi kabla, alikaa usiku na karatasi zile kuamua binti yake aishie wapi. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alimwelewa. Stamen hakupata kumfungia mlango. Alimwachia mvua, akamwachia farasi, akamwachia na Tinka wa kucheka naye, akachukua kile tu ambacho mtoto hangejua akiweke wapi. Na Zdravka, aliyemwabudu, alikuwa amerithi shoka lake tu.

Basi akainuka. Alikusanya vile vya mahaba kimoja kimoja, hata vyenye keki na paka na mioyo, akavipeleka nyuma, kwenye rafu iliyo bega kwa bega na kiti chake, mahali ambapo lazima mtu amwombe. Hakuvivika gazeti. Kazi haikuwa kubwa, ila alipumzika mara nyingi. Mezani pakabaki pengo, na alipolitazama alijisikia kama mtu aliyeuza ng'ombe wa marehemu.

Bilyana alitokea jioni, shada la maua ya peoni mkononi, nywele zimesukwa tayari kwa kesho. Alisimama mlangoni, hakwenda kwenye kiti chake.

"Bibi anadhani niko mazoezini," akasema. "Nimekuja kuchukua sweta yangu tu." Akaliona pengo. "Mmeviondoa kwa sababu yangu."

"Nimeviondoa mimi."

"Mimi si mtoto mchanga, shangazi Zdravka."

"Najua."

"Hujui. Nyinyi wote mnapiga kelele kuhusu kitabu. Bibi kapiga kelele kuhusu banitsa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

Zdravka alifungua mdomo amweleze kuhusu meza, kuhusu baba yake, kuhusu ghala. Hadithi nzuri, alishaipanga kichwani mchana kutwa. Akautazama uso wa mtoto, akaiacha.

"Nakuuliza sasa," akasema.

Bilyana aliing'oa peoni moja petali baada ya petali. Nje, wateja wawili walikuwa wanavuka barabara kuja dukani, mama na mwanawe wa kiume aliyevaa tai.

"Yule mwanamke," Bilyana akasema kwa sauti ndogo. "Anamwambia hapana. Yule mwanamume hasikii. Anamwambia tena hapana, analia. Halafu ukurasa unaofuata ana furaha, na mwisho wanaoana, na kila mtu anapiga makofi. Mama yuko huko peke yake, kwenye nyumba za watu. Na mimi nikikua. Ndivyo inavyokuwa?"

"Sivyo."

"Imeandikwa."

Maisha yake yote Zdravka alikuwa hajapata kumwambia mtu kwamba kitabu kinadanganya. Aliona hata ulimi wake unagoma.

"Kinadanganya," akasema. "Kile kitabu kinadanganya, Bilyana, na mimi ndiye niliyekuuzia."

Mtoto alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Tangu Jumamosi nilidhani ni kweli," akasema, na midomo ikaanza kumtetemeka.

Yule mama alikuwa ameshashika kitasa. Zdravka akamtikisia mkono kupitia kioo, akageuza ufunguo, akarudi akakaa sakafuni karibu na mtoto, magoti yakilalamika.

"Nisimulie kuanzia hapo alipolia," akasema, "na usiruke kitu."