Chumba cha Mkwe

Mzee Zege hakuwa mtu wa kubisha hodi mara ya pili. Alibisha mara moja, akasukuma mlango, akaingia na viatu vyake vizito mpaka katikati ya sebule. Mkasi, aliyekuwa na bukta na fulana iliyochoka, aliruka kitini kama mwizi aliyewashiwa taa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kaa, kaa. Najua mwanangu yuko zamu hospitali. Leo nimekuja kwako wewe."

Mkasi alivuta fulana chini, akakaa ukingoni mwa kiti. Tangu amwoe binti wa mzee huyu, hakuwahi kutembelewa yeye kama yeye. Baba mkwe wake alikuwa mkandarasi maisha yake yote. Nusu ya maghorofa ya mji ule yalisimama juu ya zege alilolimwaga yeye, na ndivyo alivyolipata jina. Kwake, kazi ambayo haimwachi mtu na vumbi nyusini haikuwa kazi. Siku ya posa, alipoambiwa kijana anahariri video, za harusi na za mashirika, aliuliza, "Yaani anakata picha? Sasa jioni mwanangu atakula vipande?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Jina la Mkasi lilizaliwa siku hiyo hiyo, na hata mkewe alilichukua, ila kinywani mwake liligeuka kuwa la mahaba.

Mzee hakuketi. Alisogea hadi kwenye kona ya kazi, akaikagua kama anayekagua msingi uliopasuka. Kompyuta ilikuwa ubavu wazi, na feni ya mezani ikiupulizia ili isizimike kwa joto. Skrini ilikuwa na mstari wa kijani upande mmoja. Ukisahau, unaweza kudhani bibi harusi ana bega la kijani. Kiti kilikuwa kimoja cha meza ya chakula, kimepachikwa mto.

"Hapa ndipo unapofanyia kazi?"

"Ndiyo, Baba. Panatosha."

"Sikukuuliza kama panatosha." Mzee alikohoa. "Hebu niambie. Tuseme pesa si tatizo. Hakuna wa kukuambia hiki ghali, hiki punguza. Ungetaka chumba cha namna gani?"

Mkasi alimtazama usoni kutafuta dhihaka, hakuiona. Hilo lilimtisha zaidi. Akajibu kwa tahadhari, "Labda skrini mpya tu, Baba."

"Skrini moja?"

Na hapo ulimi ukamsaliti. Kwa sababu chumba hicho alikuwa nacho kichwani miaka mingi. Alikuwa akikitembelea kila kompyuta ilipoganda. "Tatu," alisema. "Moja pana katikati, yenye rangi za kweli, gauni jekundu liwe jekundu. Moja isimame wima pembeni, ya kupangia vipande. Ya tatu kubwa, ukutani, nione video kama atakavyoiona mtazamaji. Kompyuta yenyewe isikae chumbani. Ikae kwenye kabati la nje lenye hewa, nisisikie feni hata moja. Meza ya kupanda na kushuka. Kiti chenye mgongo wa wavu. Kuta za kijivu zisizorudisha mwanga, na sponji za kunyonya mwangwi."

"Na umeme ukikatika?"

"Sola juu ya paa, na betri za kunifikisha jioni."

"Mwanga wa dirisha uje kutoka wapi?"

"Kushoto. Nyuma hapana, utapiga kwenye skrini."

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole, kama fundi anayemwelewa fundi mwenzake. Mkasi akaona aibu, akaingiza mzaha kujiokoa. "Na friji ndogo, Baba. Nikinyoosha mkono tu, nimeshika maji baridi."

Mzee hakucheka. Alisema, "Haya," akatoka. Hata chai hakungoja.

Mkewe aliporudi kutoka zamu na kusimuliwa, alimwekea mumewe kiganja kwenye paji la uso.

"Sina homa," alisema Mkasi.

"Baba amekuuliza unataka nini? Bila kukutukana?"

"Bila hata kunikejeli."

Mkewe alivua viatu vya kazi akakaa chini. Alikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji, na habari nzuri alizipokea kama alivyopokea mgonjwa asiyelalamika. Hakuziamini. "Baba yangu hajawahi kuuliza kitu asichokuwa na jibu lake mfukoni. Kuna jambo. Umemwahidi nini?"

"Sijamwahidi kitu."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia skrini tatu."

"Basi umeshasaini," alisema mkewe.

Walimpigia simu kaka mkubwa wa mkewe, aliyekuwa akiishi mtaa mmoja na mzee. Mkasi alitarajia kupata mwanga, akapata moto. "Shemeji, afadhali umepiga," alisema kaka mtu. "Ni wiki sasa mafundi wanaingia na kutoka pale nyumbani. Ukuta umebomolewa, makaratasi ya maboksi yamejaa uani. Nikiuliza naambiwa hayanihusu. Sasa nasikia mzee alikuwa kwako. Wewe umemlisha maneno gani?"

"Mimi? Mzee mwenyewe ndiye aliyekuja!"

"Mzee wetu amefiwa na mke, shemeji. Mtu wa namna hiyo akipata mtu wa kumlainisha... Mimi sisemi. Nasema tu macho yangu yako wazi."

Simu ilikatwa. Mkasi akabaki ameishika, masikio yakimuunguza. Asubuhi alikuwa anashuku, jioni anashukiwa, na katikati hapo hakuwa amefanya lolote zaidi ya kutamani.

Wiki zile usingizi ulimpungua. Kila wazo aliligeuza kama shati linalotafutwa doa. Labda mzee anataka amgeuze karani wake, amtengenezee video za kampuni mpaka uzee. Labda anaumwa, na anagawa vitu kabla hajalala moja kwa moja. Au pengine anataka amwonyeshe chumba kile, kisha amwambie mbele ya ukoo mzima, "Unaona? Hata ukipewa, huwezi." Hilo la mwisho ndilo lililomkaa rohoni, kwa kuwa lilifanana na mzee.

Kisha akaitwa. "Njoo peke yako," mzee alisema kwenye simu.

Alimpokea getini mwenyewe, akampitisha sebuleni, akafungua mlango wa kile kilichokuwa stoo. Mkasi alisimama kizingitini.

Kilikuwa chumba chake. Kilikuwa kile kile alichokibeba kichwani, sasa kina harufu ya rangi mpya. Skrini pana katikati, ya wima pembeni, kubwa ukutani. Kuta za kijivu cha jivu la mkaa. Dirisha la mwanga kushoto. Alipoketi, kiti kilimpokea mgongo wote kama kilichopimwa naye. Akabonyeza, meza ikapanda kimya kimya. Akawasha kompyuta, akasubiri kelele. Hakusikia hata pumzi. Mkono wa kulia ulipojinyoosha wenyewe, uligusa mlango baridi. Friji. Ndani yake chupa za maji zilikuwa zimepangwa kama askari.

Macho yalimlowa, akaona haya, akajifanya anakagua nyaya. Hapo ndipo alipoliona dirisha la pili.

Lilikuwa upande wa kulia, kwenye ukuta wa ndani. Limekatwa kwa ustadi, likatiwa kioo cha kusogeza. Mkasi hakuwahi kuliomba. Aliposogeza kioo, alijikuta anatazamana uso kwa uso na kiti cha mzee cha sebuleni, kile cha mbao alichokalia miaka yote. Aliyekaa pale angemwona mtu wa kwenye kompyuta kutoka utosini mpaka kidevuni.

"Baba, hili la nini?"

"La hewa," alisema mzee.

"Hewa ya sebuleni?"

"Hewa ni hewa."

Mkasi alisimama. Uzuri wote ulichacha mara moja. Alipokuwa akiaga aliona mlango wa chumba cha pembeni uko nusu wazi. Alichungulia. Kitanda kipana kipya. Rafu ya viatu. Kuta zilipakwa rangi ile ya samli ambayo mkewe aliisifia kila alipoiona. Ndipo akili ikamfunguka. Panya huwekewa kile anachokipenda, na mtego huu ulikuwa na vyumba viwili.

Kesho yake mkewe hakusubiri kuitwa. Alitoka zamu, akampitia Mkasi, wakaenda wote. Aliviangalia vyumba vyote viwili. Alilisogeza lile dirisha, akalifunga, akalisogeza tena. Kisha akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, unataka nini?"

"Nimempa mume wako zawadi. Siku hizi zawadi ni kosa?"

"Zawadi huletwa kwa mtu, Baba. Hii, yeye ndiye anayeletwa kwayo. Umejua kwamba mimi ukiniita kuhamia hapa nitakataa, ukaona umpitie mwenye tamaa."

"Tamaa?" Mkasi aliruka. "Mke wangu, mimi..."

"Wewe nyamaza kwanza. Umeshanunuliwa au hujanunuliwa?"

Mkasi alitazama mlango wa kile chumba cha kijivu. Angeweza kudanganya, ila mkewe alikuwa anajua kusoma nyuso za watu wanaosema haiumi. "Nusu," alisema.

Mzee Zege alitoa sauti iliyoanza kama kicheko, ikaishia mahali pengine. Alikaa kwenye kiti chake cha mbao. Aliyasugua magoti yake kwa viganja.

"Bomba la jikoni linavuja," alisema mwishowe. "Naweza kulitengeneza kwa dakika mbili. Nimeliacha makusudi. Usiku likinyamaza naamka. Mama yenu alikuwa ananipigia kelele kuanzia asubuhi: funga mlango, vua viatu, nani kamwaga maji. Nikadhani nikipata kimya nitapumzika." Akanyoosha kidole kwenye dirisha la ndani. "Huyu mkata picha hanipendi, najua. Lakini ni mtu anayekaa nyumbani siku nzima. Nikaona nikiwa hapa, yeye pale, nitaona angalau kichwa cha mtu kinasogea."

Mke wa Mkasi alikuwa amekunja mikono kifuani. Ilianza kulegea. "Kwa nini usiseme tu, Baba?"

"Mimi nimeagiza watu maisha yangu yote. Kuagiza najua. Kuomba sijui kunaanzia wapi."

Mkasi alitegemea wakumbatiane, yaishe. Hayakuisha. Mkewe alipiga magoti mbele ya kiti cha baba yake, akamshika mikono, na bado akamwambia hapana. Hatahamia. Alilelewa katika nyumba ile mara moja, na mara moja inatosha. Tena kwake ni karibu na hospitali, na ndoa yake ina mlango wake. Mzee alipandisha sauti, akasema vitu vyote vitarudi dukani asubuhi, na ukuta atauziba kwa zege. Mkewe akamjibu azibe. Nyumba ile, iliyokuwa na kiu ya kelele, ilizipata za kutosha.

Aliyetafuta njia alikuwa Mkasi, na hata yeye hakujua ujasiri ulitoka wapi. "Baba, mimi nitakuja kufanya kazi hapa," alisema. "Asubuhi nakuja, jioni narudi kwangu. Siku ambazo mke wangu yupo nyumbani siji. Na hilo dirisha, nikilifunga, limefungwa."

"Unaniwekea masharti nyumbani kwangu?"

"Ndiyo, Baba."

Mzee alimtazama mkwewe kama aliyemwona kwa mara ya kwanza. "Haya," alisema, kwa hasira.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Mkasi alikuwa akihariri, anahisi jicho shavuni. Mzee akikohoa, yeye anakosea. Mara kioo kinasogezwa. "Huyo bwana harusi mbona anaangalia saa? Hampendi huyo." Mkasi akafunga. Mara kinasogezwa tena. "Sikuwa nimemaliza." Shemeji naye alifika, macho yake wazi kama alivyoahidi, kuona urithi unavyoliwa. Alimkuta mzee amesimama nyuma ya kiti cha Mkasi, akimbishia kwamba jengo lililoonekana nyuma ya maharusi lilijengwa na yeye, na kwamba lisikatwe. Shemeji alikaa pembeni kuchunguza. Baada ya saa nzima alikuwa anabishana naye ni ghorofa ngapi.

Mkasi hakuacha kabisa kushuku. Kila mzee alipokuwa mpole kupita kiasi, alijiuliza safari hii ukuta gani utabomolewa. Lakini kazi zilitoka haraka, rangi zilikuwa za kweli, na umeme ulipokatika mtaa mzima yeye aliendelea tu.

Mkewe alianza kupita baada ya zamu, kwa kisingizio cha kumchukua mumewe. Alikuwa akisimama mlangoni na mkoba begani. Jioni moja Mkasi alimsikia ameingia mpaka sebuleni, anamgombeza baba yake kuhusu dawa za presha ambazo hakumeza, na mzee anajibu kwa ukali uleule, anadai amemeza, nani ameona kwamba hajameza. Sauti zilipanda. Mkasi alivaa hedifoni ili amalize kipande cha mwisho. Akakitazama kikipita kwenye skrini kubwa, bibi harusi akicheka bila sauti. Kisha akasogeza hedifoni upande mmoja, sikio la kulia likabaki wazi, akaendelea na kazi.