Majibu ya Mlangoni

Mume wangu alipostaafu, majirani walikuja kutupa hongera na pole kwa pamoja. Nilizipokea zote mbili kwa tabasamu, bila kujua kwamba hongera ilikuwa yake na pole ilikuwa yangu.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa taa za barabarani. Kazi ile haifanyiki mchana, maana taa mbovu huijui mpaka giza liingie. Alitoka jua likizama akarudi alfajiri, wakati mimi najitayarisha kwenda kiwandani nilikokuwa msimamizi wa mafundi cherehani. Tulionana mlangoni dakika kumi. Yeye anavua viatu, mimi natafuta vyangu. Hata katika dakika hizo kumi hakukosa swali la ajabu ajabu la kuniuliza, nami nilimjibu nikiwa na mswaki mdomoni, ilimradi nisichelewe. Jumapili tulikula pamoja huku akisinzia juu ya sahani. Tulipata watoto wawili, usiniulize lini.

Watu walinionea huruma nami nikawaacha wanionee, lakini ukweli ni kwamba ndoa ile ilinifaa. Usiku kitanda chote changu, redio yangu, kimya changu. Mimi mwenyewe nilipostaafu, nilikaa miaka miwili ya raha kama hizo.

Kisha naye akarudi nyumbani kabisa, na usingizi wa usiku haumjui. Saa nane za usiku namsikia anakung'uta mazulia. Saa tisa anapigilia misumari kwenye kiti ambacho hakijavunjika. Usiku mmoja nilimkuta sebuleni juu ya ngazi, ameifungua taa, nikamuuliza ina nini. Akasema haina kitu, anaiangalia tu. Miezi mitatu ya hivyo, maji yakanifika shingoni. Dada yangu ni mjane na ana chumba kitupu katika mji wa mbali, basi nikakata tiketi ya Jumatano, saa sita mchana. Ilikuwa tiketi ya kwenda tu. Sikujua kama nitarudi, na sikutaka kujidanganya kwamba ninajua.

Nilimwambia siku ya Jumapili. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, lakini hakubisha.

"Nipe usiku mmoja," akasema. "Jumanne ulale mchana. Usiku tutoke."

"Tutoke twende wapi? Usiku kuna nini huko zaidi ya walevi na mbwa?"

"Kuna mji," akasema.

Mume wangu si mtu wa kuomba. Hata chumvi ikiwa mbele yangu mezani, huinuka akaizunguka meza kuifuata. Nikakubali, ila nilihakikisha uso wangu unaonyesha kwamba ninamfanyia hisani.

Tulitoka saa nne. Alikuwa amepiga pasi shati lake mwenyewe, vibaya, kola imekwenda upande. Nilizaliwa katika mji huu na nilidhani naujua, lakini nilikuwa naujua upande mmoja tu, ule wa mchana. Barabara niliyopita kila asubuhi nikisukumwa mabega, sasa mtu angeweza kuilalia. Vijana walikuwa wakiteleza juu ya viatu vya magurudumu mbele ya benki, na mlinzi wa benki anawahesabia mizunguko. Kwenye kioo cha duka kubwa la nguo, kijana mmoja alikuwa akizivalisha sanamu magauni mapya. Nikaona upindo wa gauni moja umepanda kushoto. Nilijaribu kupita, wallahi nilijaribu. Nikarudi, nikagonga kioo, nikamwonyesha kwa kidole. Akashusha kidogo. Nikamwashiria, bado. Akashusha tena, nikampungia mkono, akainama kama mtu aliyeshangiliwa.

Nyuma yangu nikasikia mume wangu anacheka. Kicheko kirefu, cha tumboni. Nilijiuliza mara ya mwisho kukisikia ilikuwa lini.

Alinipeleka kwanza kwenye mlango wa nyuma wa tanuri la mikate. Mwokaji alikuwa pande la mtu, ana unga mpaka kwenye nyusi. Akamwona mume wangu akasema, "Baba Taa, umepotea." Kisha akaniona mimi. Akajifuta mikono kwenye aproni taratibu.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," mume wangu akasema.

Mwokaji akageuka akaita ndani, "Njoo haraka, Bi Hakimu amekuja." Akatoka mtu mwingine mwenye uso uleule, mwembamba zaidi, nao wakasimama wawili wakinitazama kama ninaweza kuyeyuka.

"Mama, sisi ni ndugu," akasema yule mnene. "Miaka tisa iliyopita tulinuniana. Mwaka mzima, meza moja, hatusemezani. Ukasema tupewe kazi isiyofanyika na mtu mmoja."

Nilitaka kumwambia kwamba sijapata kumwona maishani mwangu. Kisha nikakumbuka asubuhi moja, mguu mmoja ndani ya kiatu, mume wangu ananiuliza: ndugu wawili wamenuniana na wanafanya kazi pamoja, wafanyeje? Nilidhani ni uchovu tu unamsemesha.

"Basi tukatengeneza sinia lile," mwembamba akasema, akionyesha sinia la chuma, refu kama mlango. "Halibebeki na mmoja. Na sinia la moto huwezi kulibeba kimya. Lazima useme geuka, lazima useme shusha."

"Siku ya kwanza tulisema maneno mawili tu," mnene akasema. "Siku hizi hanyamazi, mama. Ningejua ningekuuliza na dawa ya hilo."

Wakatupatia mkate wa moto ndani ya karatasi. Tuliumega tukitembea, mvuke ukitupanda usoni. Nilikuwa bado napima kama niamini.

Soko la maua la jumla hufunguliwa saa sita usiku. Mimi nilidhani maua huota madukani. Malori yalikuwa yakishusha ndoo kwa ndoo, njia nzima imelowa, na harufu imeijaza kiasi kwamba unaweza kuilamba. Mwanamke mmoja aliyefunga kanga kiunoni alituona akaacha kupanga, akaja mbio na kunikumbatia kwa mikono yenye maji.

"Wewe ndiye uliyeniozesha," akasema.

"Mimi?"

"Nilikuwa na wachumba wawili, mmoja mpole na mmoja mchekeshaji. Baba Taa akaniletea jibu lako. Niolewe na yule anayeosha vyombo bila kuambiwa." Akaonyesha kwa kidevu. Mwanamume alikuwa amechuchumaa kwenye bomba, anasugua ndoo, mistari mitatu ya ndoo safi nyuma yake. "Yule pale. Watoto watatu sasa. Na tangu tuoane sijamwambia aoshe kitu."

Wauzaji wa meza za jirani walikuwa wamesogea. Kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja akasema nilimshauri kuhusu jirani mwenye jogoo. Mwingine akaniuliza kama ni kweli nilimrudisha meneja wa kiwanda akafumue kifungo alichoshona mwenyewe. Wakacheka, nami damu ikanichemka. Nilimshika mume wangu mkono nikamvuta mpaka nje ya soko, chini ya nguzo ya taa.

"Miaka thelathini na mmoja," nikamwambia. "Mimi nipo nyumbani najua nimeolewa na bubu, kumbe bubu wangu anamwaga mtama penye kuku wengi. Mpaka habari za kifungo. Mji mzima unanijua, mimi simjui hata mmoja. Umenifanya kichekesho cha usiku."

"Hawakucheki wewe," akasema.

"Wanamcheka nani?"

Aliinua macho. Alikuwa anaiangalia ile taa juu yetu, mazoea hayaachi mtu.

"Fundi wa taa yuko juu ya ngazi," akasema. "Watu wanasimama chini, wanaongea. Usiku watu wana mambo mazito, na hawana wa kuwaambia. Wananiuliza mimi. Mimi najua nini? Mimi nilikuwa na ngazi, akili ilikuwa nyumbani. Nikawa nawaambia ngojeni mpaka kesho, nitamuuliza mke wangu."

"Mbona hukuniambia ni maswali ya watu?"

"Ungeyafikiria sana. Mimi nilitaka yale majibu ya mlangoni."

Nikauachia mkono wake. Miaka yote nilidhani mtu huyu anaiishi nusu ya maisha yake mahali nisipokuwepo. Kumbe kila jioni alitoka na mimi. Na kwa kuwa sipendi kulia barabarani nikamwambia aweke kola yake sawa, kisha nikaiweka mwenyewe.

"Twende nyumbani," akasema, "kama umechoka."

"Nani amekuambia nimechoka?"

Kwa hiyo tukapanda jengo la kuegesha magari, ghorofa saba kwa ngazi, magoti yangu yakilalamika kila ghorofa. Juu kabisa, mahali ambapo mchana yanapangwa magari, watu walikuwa wanacheza muziki. Si vijana wa klabu. Walikuwa wafagiaji wa ofisi bado na sare zao, walinzi wa zamu iliyokwisha, wapishi wa hoteli, wauguzi walio mapumzikoni. Spika mbili juu ya ukuta, na mji wote umewaka chini yetu. Hukutana kila Jumanne na Alhamisi. Nilipoambiwa hivyo nilihesabu ni Jumanne ngapi nilizolala saa tatu na redio yangu, nikajionea huruma kidogo.

Mpishi mmoja mzee aliniomba nicheze naye, nikamwambia sijui. Akasema hapa hakuna anayejua. Basi nikacheza. Nilicheza nyimbo nne, kiatu kikanibana nikakivua, nikacheza na ya tano peku juu ya saruji. Sijui mara ya mwisho kufurahi hivyo ilikuwa mwaka gani. Mume wangu alikaa ukutani akipiga makofi nje kabisa ya mdundo.

Nilipokwenda kupumzika, mwanamke kijana alinifuata. Alisema yeye ni muuguzi, na amesikia mimi ndiye Bi Hakimu.

"Mama, nina swali, na nimeshauliza kila mtu. Mama yangu ana miaka sitini na nane. Amesema anataka kujifunza kuendesha pikipiki. Ameshanunua kofia. Nimkataze?"

Nilifungua mdomo kumjibu upesi, kama asubuhi zile. Lakini safari hii sikuwa na basi la kuwahi, na swali lilikuwa na uzito. Miaka sitini na nane si mingi hivyo. Mimi mwenyewe nimebakiza minne.

"Ana nguvu za miguu?"

"Anapanda ngazi kunishinda."

"Anaona mbali?"

"Ananiona nikiingia getini na begi jipya."

"Mlete hapa Alhamisi," nikamwambia. "Aje na hiyo kofia. Jambo kama hili siwezi kulikata bila kumwona mtu mwenyewe."

Akanishukuru akarudi kucheza. Nilipogeuka, mume wangu alikuwa amesimama pale karibu, viatu vyangu mkononi.

"Alhamisi," akasema polepole, "utakuwa kwa dada yako."

Nilikuwa nimesahau. Mimi niliyesimamia mafundi arobaini bila kusahau kifungo, nilikuwa nimesahau safari yangu mwenyewe, na nilipoikumbuka sikuona hata chembe ya hamu. Nilimtazama. Alikuwa ameshika vile viatu kwa mikono miwili, hapumui.

"Dada yangu ana majirani," nikasema. "Huku kuna mama wa watu anataka kupanda pikipiki."

Akapumua. Aliviweka viatu vyangu chini, akavipanga pamoja, akanyoosha mkono. Hajui kucheza, hajawahi kujua. Alinikanyaga mara mbili kabla wimbo haujafika katikati, na sikumwambia aondoe mguu.