Kumkaribisha Bwana Hubert

Ramadhani ya kwanza baada ya uhuru, Bwana Hubert, Mrundi mwenye jina la kizungu, alitoka Bujumbura kutafuta mgahawa wa kuwalisha walimu arobaini waliokuja Rumonge kwa mafunzo. Shangazi yangu Mwanahamisi aliitaka kazi hiyo kufa na kupona. Akiikosa, alisema, atafunga mgahawa wake na kuhamia Ujiji kwa dada yake.

"Abdulhamid, wewe mutunga mashairi, mudomo wako iko na kazi gani? Mukaribishe kwa Kifaransa!"

Nilijifunza siku tatu kwa Cikuru, Mkongo aliyewahi kumpikia mzungu. *Goûtez, je vous en prie*: onja, tafadhali. *Servez-vous*: jipakulie. Ya tatu ilinitesa: *Vous m'en direz des nouvelles*.

"Maana yake, utaniletea habari zake," alisema Cikuru.

"Habari za nani?"

"Za samaki."

"Samaki amekufa, ana habari gani?"

"Sema tu, ndugu! Na usiguse sahani ya mugeni. Muzungu hapendi."

Nilizipima mizani kama beti, zikanikaa. Nikaapa kutosema neno la Kiswahili mbele ya mgeni, ili ajue Waswahili wa Rumonge si watu wa kupiga kelele sokoni tu.

Siku yenyewe Cikuru alikuwa amekwenda Kigwena. Nikaweka mezani mukeke, samaki wa ziwani, aliyepikwa kwa mawese, nikasema, "*Goûtez, je vous en prie.*"

Bwana Hubert akatabasamu, akanitazama. Hakugusa.

"*Servez-vous.*"

Akakunja mikono, akangoja. Nikatoa ile ya tatu. Akaisukuma sahani upande wangu.

Kosa langu lilikuwa wapi? Ndipo nikakumbuka jambo nililolijua tangu utotoni: kwa Warundi, anayetoa chakula huonja kwanza, mgeni aone hakina sumu. Mafunzo ya Cikuru yalikuwa yamelifukuza kichwani. Lakini nilikuwa nimefunga, na Kifaransa cha kufunga sikufundishwa.

"*Goûtez!*" nikarudia, kwa sauti ya mtu anayegombana.

Shangazi akachungulia kutoka jikoni, akaelewa. Akaja, akachovya kidole kwenye mchuzi, akakigusisha ulimini, akageuka, akatema, kama afanyavyo mpishi aliyefunga anapopima chumvi.

Bwana Hubert akasimama, akachukua kofia yake.

"Mama, chakula chako mwenyewe unakitema?"

Kiapo kikanitoka. "Bwana, tumefunga! Iko Ramadhani! Hakuna sumu hapa, kuna njaa!"

Akanikazia macho. "Kumbe Kiswahili unakijua. Mbona hukusema?"

Nikaivuta sahani, nikaifunika.

"Jua likizama nitarudi," akasema. "Lakini utaonja wewe kwanza."

Alirudi kweli. Tulipokwisha kufungua kwa maji, nikamega kipande cha samaki. Kabla hakijafika mdomoni, Bwana Hubert akainama kidogo na kusema, "*Goûtez, je vous en prie.*"

Cikuru alinifundisha kukaribisha. Kujibu nikikaribishwa, hapana. Tena kwetu! Nikala, naye akala, mpaka kichwa cha samaki akakifyonza.

"Walimu wataanza Jumatatu," akamwambia Shangazi. "Ongeza pilipili."

Shangazi akapiga kigelegele. Mimi nilibaki na mkono sahanini, nikijiuliza kati yetu nani alikuwa mwenyeji na nani mgeni.