Picha ya Baraza la Nakshipuri

Nchi ya Nakshipuri ilikaa juu ya vilima vitatu vya mawe mekundu, na kila kilima kilikuwa na kasri lake, na kila kasri lilikuwa na bustani ambayo chemchemi zake zilirusha maji hewani ili wageni wayaone yakianguka. Na chini ya vilima, mahali ambapo macho ya wageni hayakufika, watu walilima pamba na mtama katika udongo uliopasuka kama visigino vyao wenyewe. Watawala wa huko hawakuwa na vitabu vya sheria. Walikuwa na picha. Kila mwaka mchoraji wa kasri alilichora Baraza zima juu ya karatasi isiyozidi kiganja cha mtu mzima, kwa brashi ya manyoya ya mkia wa kindi, kwa buluu ya jiwe lililosagwa na dhahabu iliyosuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka ikameta. Mfalme Rajvendra akishaipiga muhuri, mambo yalikwisha: aliyechorwa mkubwa alipata maji mengi ya bwawa la nchi, aliyechorwa mdogo alipata kidogo, na asiyechorwa hakuwapo.

Mchoraji huyo aliitwa Kamlavati, mwanamke wa makamo, bega lake moja limeshuka kwa miaka thelathini ya kuinamia karatasi. Alirithi kazi kwa baba yake, aliyemfundisha kwamba mchoraji ana mkono, hana mdomo. Basi Waziri Gulabdin alipotaka kilemba chake kinenepe, Kamlavati alikinenepesha. Alipotaka na tembo, alimpa tembo. Wakulima, waliokuwa na safu yao chini kabisa, walisogezwa ukingoni, na mwaka uliofuata ukingo ukahitajika kwa maua.

Miongoni mwa waliofutwa ni watu wa Dhulipali, kijiji alikozaliwa Kamlavati. Baada ya miezi mitatu mdogo wake, Sumitra, alifika kwa miguu, mwendo wa siku mbili.

"Dada, kisima kimekauka," alisema, bado amesimama mlangoni. "Tulikwenda langoni kwenye bwawa. Mlinzi akaitazama picha, akatuambia hatumo."

"Ilikuwa amri, mdogo wangu."

"Najua. Nimekuja kukuuliza jambo moja tu. Uliponifuta, mkono wako ulitetemeka?"

Kamlavati hakuzoea kusema uongo, maana hakuzoea kusema. "Haukutetemeka," akajibu.

Sumitra akanywa kopo moja la maji, akashukuru, akarudi alikotoka. Siku chache baadaye Kamlavati akaitwa kasrini.

Mfalme alikuwa ameishika picha mkononi, ameghadhibika. "Tembo wa Gulabdin ni mkubwa kuliko mimi. Mwaka huu nataka nimzidi kila mtu na kila mnyama."

"Nikukuze kiasi gani, Mtukufu?"

"Mpaka niseme basi."

Kamlavati akaenda akamchora. Kila asubuhi alileta karatasi mpya, na kila asubuhi mfalme alitikisa kichwa: bado. Tembo akatoka. Mawaziri wadogo wakatoka, wakipiga makofi. Siku Gulabdin alipobaki kiwiko tu, alimwinamia mfalme akanong'ona kwamba huenda inatosha. Kesho yake na kiwiko kikatoka. Kikatoka kiti cha enzi, zikatoka nyayo za mfalme, kifua, mabega. Karatasi ilibaki kiganja kilekile. Mwishowe Kamlavati alileta picha ya pua, pua tupu, imejaa toka ukingo hadi ukingo, kila kinyweleo kimewekwa kwa unyoya mmoja wa kindi, na mng'ao wa dhahabu nyuma yake. Wapo wanaosema alikusudia. Yeye hakusema.

Mfalme aliitazama, machozi yakamlengalenga. "Basi," akasema. "Huyu ndiye mimi." Akapiga muhuri.

Picha ikabandikwa langoni kwenye bwawa, kwa mlinzi Tukoji, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumwonea mtu wala kumhurumia. Watu wa Gulabdin walipofika na mapipa, aliitazama akawaambia hawamo. Wakaja watumishi wa bustani. Akawaambia haoni bustani. Ndipo akaja msimamizi wa kasri mwenyewe, anahema.

"Ni maji ya kunywa ya mfalme, mpumbavu we!"

"Mfalme simwoni, bwana. Naona pua. Pua hainywi." Akampimia kijiko kimoja, cha kunawia.

Bwawa likajaa, kwa kuwa mto wa milimani haukuambiwa lolote. Likafurika ukingo wake, maji yakashuka yanakoshukia maji, mpaka kwenye pamba na mtama. Tukoji hakuyazuia, pichani hakukuwa na mtu wa kuyazuia.

Siku ya arobaini mfalme alifika karakanani kwa Kamlavati, peke yake, kwa miguu, midomo imemkauka.

"Nichore upya," alisema. "Mdogo."

"Mdogo kiasi gani, Mtukufu?"

Mfalme akafikiri. Swali hilo hakuwahi kuulizwa. "Kiasi cha birika moja," akasema. "Au nusu."

Kamlavati alikuwa ametandaza karatasi nyeupe, na brashi yake ilikuwa kavu. "Kaa kwanza," akamwambia. "Kuna waliokutangulia."

Habari kwamba picha huenda ikachorwa upya zilikuwa zimeshafika mabondeni. Kwenye benchi la ukutani walikaa wakulima kumi na wanne, matope mabichi miguuni, wamebanana. Walimtazama mfalme, wakatazamana. Kisha wakasogea kidogo, si sana.