Foleni ya Mawe

"Jiwe si mtu," Zadock alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye orodha yake.

"Tangu lini?" Sabdio alikuwa akihema. Miiba ya vichaka vya mathenge ilikuwa imemchana kifundo cha mguu. "Foleni nzima ni mawe. Wewe mwenyewe umesema asubuhi, anayetaka kukaa kivulini aweke jiwe limshikie nafasi."

"Kukaa kivulini, mama. Si kuzurura."

"Nilienda haja."

"Mara ya nne?"

"Ya tano," alisema Ummi kutoka nyuma, bibi wa Kipini mwenye mguu mmoja, ameegemea mkongojo. "Na jiwe lake nimelilinda mimi, mwanangu. Ukalipiga teke wewe."

Watu wakacheka kidogo. Zadock hakucheka. Alikuwa karani wa jopo la madaktari lililokuja Garsen mara moja kwa mwaka kuamua nani mlemavu na nani anajifanya. Jopo lilikuwa ndani, chini ya feni. Yeye alipewa meza barazani, kalamu mbili, na ufunguo wa choo, ambao aliuvaa shingoni pamoja na kitambulisho chake cha kazi. Choo kilikuwa hatua ishirini kutoka hapo, kipya, kimeandikwa ukutani kwa rangi ya buluu kwamba ni mali ya wananchi. Kilikuwa na kufuli.

"Haya. Ulemavu wako ni upi?"

"Nilikatwa utumbo Mombasa. Saratani. Huu mwaka wa tatu."

"Ukapona."

"Saratani ilipona. Utumbo haushiki." Alisema kwa sauti ya chini, kisha akaona ujinga wa kunong'ona mbele ya watu waliomwona akikimbia mara tano. "Ikija, imekuja. Sina hata dakika mbili. Tangu jana adhuhuri sijala, ili niweze kusimama hapa. Bado inakuja."

"Mikono unayo. Miguu unayo. Unakimbia kunishinda mimi." Zadock akageuza karatasi. "Hapa kuna macho, masikio, viungo, akili. Tumbo halipo."

"Nina barua ya daktari."

"Barua kila mtu anayo. Mimi lazima nione."

Barua ilikuwa mkononi, ndani ya mfuko wa plastiki. Bila kadi ya jopo hangepata kibanda kati ya vile walivyotengewa walemavu sokoni, na kimoja kati ya hivyo kilipakana na choo. Kabla ya kuugua alikuwa akiuza maziwa madumu mawili kabla ya saa nne. Siku hizi wateja walimwona akitelekeza madumu na kukimbia, wakahamia kwa wengine. Walisema tu watoto wamechoka maziwa.

Tumbo likamkata. Akashika ukingo wa meza.

"Nipe ufunguo."

"Choo ni cha jopo."

"Bwana Zadock, nipe ufunguo sasa hivi."

"Nenda kichakani, si umezoea. Ukirudi utaanza mwisho." Akapiga mstari juu ya jina lake.

Sabdio akatazama mathenge, ng'ambo ya ua. Kisha akatazama ngazi za baraza, zilizopigwa deki asubuhi kwa ajili ya wageni. Akaiweka barua juu ya orodha. Akashuka ngazi mbili, akainua dera lake, akachutama pale pale chini ya dirisha la jopo.

Ummi ndiye aliyefika kwanza. Akajiegemeza ukutani, akasimamisha mkongojo, akatundika leso juu yake. Wanawake wengine wakaacha mawe yao, wakaja na leso zao bila kuitwa, wakamzunguka wakimpa mgongo, kama wanavyomzingira aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa njiani. Dirisha likafungwa kutoka ndani.

Zadock akaitwaa ile barua, akajipepea nayo puani. Halafu akashuka ngazi za upande wa pili, akatembea kando ya foleni, akiyasukuma kwa kiatu mawe ya wanawake, moja baada ya jingine, hadi nje ya mstari.

"Anayefuata," alisema, na wanaume wakasogea mbele.