Mabano ya Kadzo

Haya, wajukuu, nitegulieni hiki: mkono mmoja wabisha nyumba tatu kuomba kitu cha tatu, na kila nyumba huupa kwa hesabu yake yenyewe, wala haukosei. Mkono gani huo?

Msijikune vichwa. Ni mabano, yale ya kuandikia. Mwaka wa themanini na saba yalimkosesha raha dada yenu Kadzo, binti wa mwanangu Gona.

Kadzo alikuwa chuo kikuu Nairobi, akiunda lugha ya kompyuta. Alinieleza alipokuja nyumbani likizo, tukipukuchua mahindi. Katika lugha yake kila kazi ni kama kanuni ya hesabu: watia hiki, hutoka kile, hakuna kinachobadilishwa kichinichini. Tena ina mkaguzi mkali. Kabla programu haijaanza, ataka kujua kila kitu ni cha aina gani. Asipojua, hapiti mtu.

Sasa, ukitaka kitu cha tatu katika safu, yaani vitu vilivyopangwa mstari mmoja, waandika jina la safu na tatu ndani ya mabano. Basi. Lakini kwa orodha au jedwali mabano yalikataliwa. Kila aina ilitaka maneno yake marefu. Kadzo akasema hilo halikubaliki. Mabano yaleyale yatazihudumia zote, na mkaguzi asilegezwe hata kidogo.

Mwalimu wake, Thuku, alikuwa likizoni Malindi, akaja kijijini kwetu Ganda kula cha mchana. Kesho yake angerudi Nairobi kuamua kama utafiti huo uendelee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Keti, jamvi hilo."

Hakukawia. "Kadzo, mkaguzi atajuaje mabano haya ni ya safu na yale ni ya orodha? Nani atamwambia?"

"Mimi. Nitamwekea aina zote tatu ndani."

"Na mtu akibuni ya nne? Aje Ganda kukutafuta?"

Gona akacheka. "Mwanangu, si uchukue utafiti mwingine, mwepesi?"

"Siuchukui, baba."

"Basi nijibu kabla sijaondoka," akasema Thuku. "Ukinijibu, nakuruhusu leo leo."

Easter, mke wa mwanangu mdogo, akaandaa sima na kunde za nazi. Nilipoonja tonge la kwanza, meno yalisaga kama nimetafuna jivu.

"Easter mwanangu, kunde hizi umetoa wapi?"

"Chungu cha tatu, mama, kama ulivyoniagiza."

"Cha tatu kutoka wapi?"

"Kutoka chini."

"Ala! Hizo ni za mbegu! Nilizipaka majivu zisiliwe na wadudu! Vyungu twahesabu kutoka juu!"

Thuku akabaki na tonge hewani. "Nami nikadhani ndivyo mpikavyo Pwani."

"Mvua zikija tutapanda sima," Gona akanung'unika.

Easter ni Mkamba wa Mwingi, hakuolewa kwetu aje kuinama. Akashika kiuno. "Magunia mlinionyesha, mama: kuanzia mlangoni. Minazi, kuanzia kisimani. Vyungu hivi kaleta Mbeyu juzi kutoka ghalani, kavipandisha kimoja juu ya kingine, kaenda zake. Aliyevileta si ndiye angesema vyahesabiwa vipi? Mimi ningeota?"

Mbeyu ni dada yangu, na kweli hakusema neno.

Kadzo akarudisha tonge sahanini.

"Mwalimu, niulize tena."

"Tumalize kula kwanza."

"Kula majivu? Niulize sasa hivi."

Thuku akajifuta mkono polepole, akamtazama. "Haya. Mtu akibuni aina ya nne, wewe hupo, mimi sipo. Nani atamwambia mkaguzi?"

"Yeye mwenyewe aliyeibuni," akasema Kadzo. "Siku aletapo aina yake, papo hapo aandike inahesabiwa vipi na kinatoka kitu gani. Mkaguzi atatazama mabano yameshika aina ipi, aifuate kauli ya mwenyewe. Na asipoiandika, mabano yanakataliwa mlangoni, kabla hakijapikwa kitu."

Thuku akampa mkono: "Basi endelea na utafiti wako."